Daftari la Vipimo

Mama aliniuliza nafanya kazi gani
usiku kucha, mwanga wa kompyuta ukicheza darini.
Nikamwambia: nafungasha vichwa.
Akaweka kikombe chini.
"Vichwa vya nani, Mwikali?"

Si vya mtu, mama. Ni faili.
Kila moja imejaa majina na ahadi:
huyu hufungua, huyu husoma, huyu hufunga.
Jina, mabano, nukta-mkato, basi.
Kiwiliwili hakimo.
Kiko ndani ya kiini cha mfumo, kimejikomea,
na anayejenga programu hana haja ya kukiona;
anataka tu kujua mlango una upana gani,
ubishwe vipi,
na atakayeitika atampa nini mkononi.

Hakunielewa. Wala sikumlaumu,
mpaka siku nilipolishika daftari lake, Soko la Uhuru,
kibanda cha tatu kutoka chooni,
jalada limefungwa kwa kipande cha sare ya kijani.
Bega kumi na tatu. Kiuno ishirini na mbili.
Urefu hadi gotini, acha pindo.
Kurasa mia mbili za watoto wa Jericho na Makadara
na hamna mtoto hata mmoja ndani,
hamna hata uzi.

"Vipimo kama hivi," nikasema, "ndivyo ninavyofungasha."
"Na anayeshona?"
"Mwingine. Hanijui."

Jumanne Naserian akapiga simu toka zahanati ya Kaloleni:
kompyuta ya maabara imejisasisha usiku,
imeamka na kiini kipya,
na kichapishi cha lebo kimegoma.
Chupa za damu ameziandika kwa kalamu,
wino unatoka jasho ndani ya friji,
"na leo nina akina Achieng' wawili, umri mmoja."

Kiendeshi kilitaka kujengwa upya.
Kompaila ikaanza vizuri, kisha ikatema mstari mwekundu:
faili haipo.
Ipo! Niliifungasha mwenyewe.
Lakini kwa kiini cha tisini na tatu,
na kilichoamka Kaloleni ni cha tisini na nne.

Tarakimu moja.
Kama sketi ya Kemunto, iliyoshonwa kwa vipimo vya Januari,
mtoto akaivaa Agosti, magoti yako nje,
mzazi anadai pesa zake mbele ya wateja.
Daftari halikudanganya.
Mtoto ndiye aliyekua.

Basi nikaketi. Umoja, ghorofa ya nne,
tokeni za stima zimebaki uniti mbili,
bando la usiku linaisha saa kumi na moja.
Nikavuta msimbo mpya, nikachuja,
nikayaondoa ya ndani ambayo mgeni hapaswi kuyashika,
nikaiacha mistari ya juu, jina la aliyeandika,
mtu wa mbali aliyesema chukua, tumia,
ikiharibika usinilaumu.
Kila faili folda yake.
Kisha karatasi ya utambulisho:
kifurushi, toleo, mtunzaji.
Hapo kwenye mtunzaji vidole vyangu husita kila mara.
Mtunzaji ni mimi,
mwenye uniti moja nukta nne.

Kikakamilika saa tisa na robo.
Kifurushi kizima cha ahadi
kisichoweza chenyewe kutenda lolote:
ukikiendesha hakiendi,
ukikifungua unakuta majina tu.
Nikakituma. Stima ikakatika
nikiwa bado natazama kilipokuwa.

Asubuhi Naserian hakupiga simu.
Alituma picha: lebo imetoka upande,
ACHIENG', namba, mistari myeusi,
na chini yake ACHIENG' yule mwingine,
namba yake mwenyewe.

Nikampelekea mama sokoni.
Akaishika simu mbali na macho
kama asomavyo namba za nyuzi.
"Na hapa wewe umeshona wapi?"
Sijashona popote, mama.
Akacheka hadi jirani akachungulia.
Kisha akafungua ukurasa mpya,
akaandika Kemunto, bega, kiuno, urefu,
na pembeni, kwa mara ya kwanza,
tarehe.